Kiti cha Msemaji Jukwaani

Mume wangu hakuwa mtu wa kuandikiwa habari. Hakushika cheo, hakuhutubia mkutano, na picha zake nyingi zinamwonyesha mgongo, kwa sababu kila mpiga picha alipotokea yeye alikuwa amegeukia ukuta anaupaka rangi. Ninaandika habari zake kwa kuwa wapo wanaosema, tangu tumzike, kwamba alikuwa mtu wa kinyongo aliyemdhalilisha shemeji yake mbele ya kadamnasi kwa hila ya mchezo wa kuigiza. Kinyongo alikuwa nacho. Mimi pia ninacho, na sioni haya kukitaja. Lakini shemeji yake hakudhalilishwa na mtu. Alijidhalilisha kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, ukumbi umejaa. Nitaeleza ilivyokuwa, na anayetaka kubisha abishe akiwa amesoma mpaka mwisho.

Watu walimwita Fundi Kuta. Alikuwa seremala. Siku za kawaida alitengeneza milango, vitanda na makabati katika karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu. Msimu wa maigizo ulipofika alihamia ukumbi wa mji, kwa kikundi cha waigizaji wa kujitolea, akiwajengea mandhari ya jukwaani. Kuta zake hazikuwa kuta. Zilikuwa fremu za mbao nyepesi zilizofunikwa turubai, ikavutwa mpaka ikalia kama ngoma, ikapakwa gundi, kisha rangi. Ukizitazama kutoka kitini utaapa ni mawe. Ukiziegemea, mnaanguka pamoja.

Msimdhanie mnyenyekevu. Kwenye kazi yake alikuwa na majivuno ya kuudhi. "Waigizaji wanasahau maneno," alikuwa akisema. "Ukuta wangu haujawahi kusahau." Na alikuwa na mtindo wake ambao wenzake waliucheka: hakuliamini jukwaa mpaka amelitazama akiwa amekaa kwenye kila kiti cha ukumbi, kimoja baada ya kingine, hata vile vya pembeni vilivyovunjika mikono. Anakaa, anafumba jicho moja, anaguna, anahamia kingine. Alitaka kujua kila mtu ataona nini na hataona nini. "Kinachojificha," aliniambia, "lazima nikifiche mimi. Kisijifiche chenyewe."

Sisi wawili tulikutana kwa ugomvi. Nilikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari ya wasichana, nikapeleka darasa langu kutazama mchezo wa huzuni unaomhusu mfungwa gerezani. Mchezo ulipokwisha nilimfuata nyuma ya pazia nikamwambia kuwa dirisha lake kubwa limeua mchezo.

"Dirisha halijaua mtu, dada," akanijibu bila kugeuka. "Aliyeua ni mwandishi. Mimi naleta mbao tu."

"Mfungwa mwenye dirisha pana hivyo ana matumaini. Mwenye matumaini hajinyongi. Kwa hiyo kajinyonga bure."

Hapo akageuka. Tulibishana mpaka mlinzi wa ukumbi akatuzimia taa, na ubishi ule hatukuumaliza mpaka kifo kilipotutenganisha. Nilichokuwa nikiwafundisha wasichana wangu darasani ni hiki: katika tanzia, mahali hapakai kimya. Chukua watu wale wale, hasira ile ile, uwaweke uwanjani penye njia nyingi. Watatukanana, kila mmoja atashika njia yake, na jioni wote watakuwa hai. Wafungie kwenye chumba chenye mlango mmoja na ngazi moja, na lazima atolewe mtu amebebwa. Mume wangu alilichukua somo hilo akalifanya kazi ya mikono.

Sasa nifike kwa wifi yangu.

Dada yake huyo alikuwa mkutubi. Alikuwa na kicheko kikubwa, na maktaba ndiyo nyumba pekee mjini ambamo kucheka kulikatazwa, kwa hiyo siku nzima alijiziba mdomo kwa kitambaa, na jioni akija kwetu alikicheka chote kwa mkupuo. Aliolewa na mwenye duka la dawa, mtu nadhifu, mrefu, ambaye mji mzima ulimwita Msemaji. Harusi, msiba, ufunguzi wa jengo, kuaga mstaafu, yeye ndiye aliyeombwa kusema neno, na asipoombwa aliomba. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa moja. Sebule ilikuwa chini. Ngazi ilishuka upande wa nyuma, ikimalizikia kwenye ujia mwembamba uliotengwa na sebule kwa ukuta wenye mwanya mmoja wa kupitia. Katika sebule hiyo palikuwa na kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu, kikitazama dirisha la barabarani. Hicho kilikuwa chake. Mke hakukikalia, mtoto hakukikalia, mgeni akikisogelea aliambiwa kwa tabasamu, "Karibu upande huu."

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko wifi yangu alianguka kwenye ngazi ile, akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Ukoo ulikutana nyumbani kwa baba mkwe. Msemaji alisimama, akafuta macho, akasema. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye nilikuja kuyasikia mara nyingi mno.

"Wazee wangu, nisameheni kwa ninalolisema. Marehemu alikuwa anakunywa. Nilimficha, nikamstahi. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nikamwona kwa macho yangu anashuka anayumba, hakushika hata mkono wa ngazi. Nikaita. Nikainuka. Sikumwahi."

Wanawake wakaanza kulia. Mume wangu hakulia.

"Shemeji," akasema, "kiti chako kinatazama dirisha. Ngazi iko nyuma yako, nyuma ya ukuta."

"Siku hiyo nilikuwa nimekigeuza, nikakisogeza mpaka penye mwanya wa ujia. Jua lilikuwa linanichoma machoni. Au ulikuwepo, shemeji? Kama ulikuwepo, tueleze wewe."

Hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Baba mkwe akainamisha kichwa, na kikao kikaendelea na habari za mazishi. Baadhi yetu tulikwenda mpaka kituoni. Askari alitusikiliza kwa adabu, kisha akatuambia kiti si ushahidi.

Wifi yangu hakuwahi kuonja pombe. Harufu yake tu ilimfanya atoke chumbani. Lakini nani anawasikiliza wifi na kaka wa marehemu, mbele ya mume anayelia vizuri? Mwaka ule ule Msemaji alialikwa kuzungumza na vijana shuleni, akawasimulia habari ya mke wake ili wajihadhari na ulevi. Walimu wakatoa vitambaa. Akaalikwa shule nyingine. Kisha ikawa ndiyo hotuba yake: kiti, ngazi, kuyumba, "sikumwahi". Alimfanya mwanamke yule aliyesoma, aliyejiheshimu, aliyezaliwa katika nyumba ambayo haijawahi kutajwa vibaya na mtu, kuwa mfano wa kuwatishia watoto. Na kwenye viti vya shule hizo alikuwa amekaa binti yao mwenyewe, akisikia wenzake wakinong'ona, "Mama yake ndiye yule mlevi."

Binti huyo alikuja kutuchukia sisi. Baba yake alimwambia kuwa tulijua mama yake anakunywa, tukanyamaza kwa kulinda jina la ukoo. Alipokua akawa anauza katika duka la baba yake, na akiniona mlangoni alijitia kupanga chupa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, na mume wangu alikitaka hicho hicho: mtoto yule ajue mama yake hakuwa mlevi, na ajue mbele ya watu wale wale waliomwambia kwamba alikuwa. Kumnong'oneza pembeni kusingetosha. Uchafu ulimwagwa hadharani, na palepale ulipaswa kuoshwa.

Kwa hiyo nilishangaa, kisha nikakasirika, nilipoona mume wangu anakwenda kwa Msemaji kunywa chai. Alikwenda kila baada ya muda, akakaa kwenye kochi la wageni, akasikiliza, akarudi.

"Unaimezaje chai ya mtu yule?" nikamuuliza siku moja nikiwa nimechoka kuvumilia.

"Nameza polepole."

"Usinifanyie mzaha. Dada yako yuko udongoni na jina lake liko barabarani, wewe unaongezewa sukari!"

Akachukua kipande cha mbao akaanza kuchora kwa penseli. Dirisha. Mlango. Ukuta. Ngazi. Kila kitu kwa vipimo vya mwili wake: kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi hatua zake, upana wa ujia mikono yake miwili iliyonyooshwa, urefu wa meza shibiri zake. "Napima, mke wangu," akasema. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niketi. Juzi yake binti alikuwa anafagia sebule, akakisogeza kile kiti kidogo tu. Msemaji alikuwa katikati ya sentensi. Akaikata, akainuka, akakirudisha kiti mahali pake, akakisawazisha kwa goti, ndipo akaimalizia sentensi yake. "Hawezi kuvumilia kukiona kimekaa vibaya," mume wangu akasema. "Hawezi. Ni kama kuwashwa."

Tulikaa na jambo hilo miaka. Sijui kama nyinyi mmewahi kukaa na jambo hivyo. Linakuwa kama mtu wa tatu mezani.

Kisha kikundi cha maigizo kikaanza kutafuta mchezo wa kuadhimisha mwaka wa kufunguliwa ukumbi. Mwongozaji wetu alikuwa daktari wa meno, mtu mwema mwenye sauti kama king'ora, waigizaji walisema akiwaamuru "Fungua mdomo!" jukwaani wanasikia maumivu ya jino. Alitaka kichekesho. Mimi nilikuwa katika kamati ya kuchagua, nikapendekeza tanzia moja ya kale niliyokuwa nikiifundisha darasani, ya nyumba ya mtawala. Yote inatokea katika sebule moja. Malkia anaanguka ngazini na kufa. Mtawala, aliye kitini, anaona yote na hawahi kumfikia. Anawaita wazee wa mji, anawasimulia alichokiona, na wazee wanalia naye. Vizazi na vizazi vya wasomaji vimemlilia mtawala yule.

"Huzuni tupu," akalalamika Daktari. "Watu watakwenda nyumbani wamenuna!"

"Watakwenda nyumbani wanazungumza," nikamwambia. "Nakuahidi."

Kikundi chetu kilikuwa na desturi ya kazi ambayo ndiyo iliyotubeba. Kwa kuwa hatukuwa na samani, tuliazima vitu kwa watu wenye nyumba nzuri. Vitu hivyo vililetwa siku ya onyesho lenyewe, visichakae kwenye mazoezi. Na kabla mchezo haujaanza, mwenye kitu aliitwa jukwaani mbele ya watazamaji wote, akionyeshe kitu chake, akigonge kuhakikisha ni kizima, ashukuriwe kwa makofi. Watu walitoa hata vitanda vyao kwa ajili ya makofi yale.

Mimi ndiye niliyekwenda kuomba kiti. Nilimsimulia Msemaji mchezo wote. Nilipofika kwenye "hawahi kumfikia", macho yake yakalowa.

"Shemeji," akasema, "huyo mtawala ni mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Kichukueni. Na mwambie Fundi aifanye sebule ifanane na yangu. Watu waione."

Sikuamini masikio yangu. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hofu kwamba nitacheka njiani.

Mume wangu aliijenga sebule ile kama aliyekuwa akimjengea dada yake nyumba. Rangi ya kuta aliichanganya na kuichanganya tena. Mkono wa ngazi aliuchonga kwa mbao halisi, ingawa turubai ingetosha. Kisha akaketi kwenye kila kiti cha ukumbi, na alihakikisha kuwa watazamaji wote wanaiona ngazi, na wote wanauona ule ukuta unaoitenga na sebule. Kwenye mazoezi, badala ya kiti, tulitumia benchi, na aliliweka penye mwanya wa ujia, likitazama ngazi. Pale pale ambapo Msemaji aliuambia ukoo kwamba alikisogeza kiti chake. Daktari aliridhika: mtawala anaona ngazi, kama mchezo unavyotaka. Nami niliridhika.

"Na akiona kiti kiko hapo, akanyamaza?" nikamuuliza mume wangu.

"Akinyamaza, mchezo utachezwa kama ulivyoandikwa na mimi nitakuwa nimeshindwa."

"Hatanyamaza."

"Huyo? Na watu wamejaa vile?"

Onyesho lilikuwa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Msemaji alikaa safu ya mbele, suti ya kijivu, binti yake kando. Ukoo wetu ulikuwa safu ya nyuma yao, karibu wote waliohudhuria kile kikao. Pazia lilipofunguliwa kwa ajili ya shukrani, watu waliiona sebule wakapiga kelele, "Kwa Msemaji hapo! Mpaka rangi!" Na yeye akapanda jukwaani akicheka, akapunga mkono, akaugusa mkono wa ngazi, akalitazama dirisha.

Kisha akakiona kiti.

Nilimwona uso ukibadilika. Ni kweli lile alilosema mume wangu: kama kuwashwa.

"A-a, Fundi," akasema kwa sauti yake ya hotuba, ili wote wafaidi. "Kazi nzuri, lakini hapa umekosea."

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na nyundo kiunoni. "Nimekosea wapi, shemeji?"

"Kiti. Hakikai hapa. Hakitazami ngazi hata kidogo. Kinakaa pale, kinatazama dirisha."

"Mimi niliambiwa kinatazama ngazi."

"Na nani?"

"Mtu mmoja."

"Huyo mtu hajawahi kuingia kwangu!" Watu wakacheka. Akakivuta kiti mwenyewe mpaka mahali pake, akakisawazisha kwa goti, akakikalia, akanyoosha miguu, mgongo wake ukiwa umeelekea ukuta. "Hivi. Tangu nihamie nyumba ile kiko hivi. Muulizeni binti yangu."

"Hakijawahi kugeuzwa?"

"Hata siku moja."

"Hata kwa sababu ya jua?"

"Bwana wee, jua likiingia nafunga pazia! Kiti changu hakisogezwi na jua."

Wakacheka tena. Katika safu ya ukoo hakuna aliyecheka. Baba mdogo wa mume wangu, mzee ambaye hakuwa amesema lolote siku ya kikao, alikuwa ameshika kiti kilicho mbele yake kwa mikono yote miwili.

Mume wangu akatembea taratibu kuzunguka ule ukuta, akapanda ngazi, akasimama katikati yake. Ukumbi mzima ulimwona. Akaita:

"Shemeji! Unaniona?"

"Nitakuonaje," Msemaji akajibu akicheka bado, "na ukuta uko hapa?"

Akakaa na cheko lake mdomoni. Nilikuwa nimelingoja kwa miaka, nikalitazama linavyokauka. Kwanza alicheka peke yake. Kisha akawa ameacha kucheka lakini meno yako nje. Kisha akageuza shingo, kama aliyetaka kuhakikisha kama kweli ukuta upo, na ukumbi wote ukamwona anageuka na kuutazama ukuta. Hapakuwa na mtu mjini ambaye hakuijua hotuba yake. Walimu walikuwepo. Waliokuwa wanafunzi walikuwepo. Kila mmoja aliwahi kuambiwa na mtu huyu kwamba, akiwa kwenye kiti hiki, aliona ngazi.

"Ile siku..." akaanza. Msemaji, asiyewahi kukosa neno, akalikosa.

Daktari wa meno, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akapiga makofi. "Asante, bwana mkubwa! Asante! Lakini sasa mtawala wangu ataonaje ngazi? Fundi! Mrudishie mtawala kiti chake!"

"Kiacheni," mume wangu akasema kutoka ngazini. "Mwenye kiti amesema."

Kwa hiyo mchezo ukachezwa hivyo. Hakuna neno lililobadilishwa, na haukuwa tena mchezo ule niliofundisha. Malkia alianguka, nasi tukamwona. Mtawala alikuwa ametazama dirisha, hakuona kitu. Alipowaita wazee na kuanza kusimulia, "Nilimwona kwa macho yangu haya," mtu mmoja nyuma akaachia mguno. Wengine wakaguna. Mguno ukatambaa safu kwa safu. Mwigizaji maskini akadhani amekosea maneno, akarudia: "Nilimwona!" Mtu ambaye dunia nzima ilimlilia akawa mwongo, na labda zaidi ya mwongo, kwa kugeuzwa kiti tu. Wazee jukwaani walipolia naye, watazamaji wakawazomea wazee.

Msemaji hakuweza kuondoka. Safu ya mbele, mgeni wa heshima, macho yote mgongoni kwake. Alikaa. Binti ndiye aliyeinuka. Akapita katikati ya ukumbi, kichwa juu, akatoka.

Tulimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye chumba cha kuhifadhia mbao, ameketi juu ya fremu.

"Mjomba," akasema. Alikuwa hajamwita hivyo tangu utotoni. "Mama alikuwa anakunywa?"

"Hakunywa."

"Hata kidogo? Usinidanganye kwa kunihurumia."

"Mpwa wangu, tungekuwa tunakuhurumia tungekuambia lolote la kukufariji zamani. Mama yako hakuonja pombe."

Akanigeukia. "Na wewe mkazamjomba, ulinyamaza kwa nini miaka yote?"

"Sikunyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Nilisema, na sikusikilizwa. Leo amesema yeye."

Akauliza swali ambalo wengi wameniuliza tangu siku ile: "Basi baba alikuwa wapi?"

Hatukumjibu. Hapa pia sitajibu. Sijawahi kuandika jambo nisiloweza kulisimamia, na nyumba yetu haitajitakasa kwa kubuni. Ninachokijua ni kwamba hakuwa alipoapa kuwa alikuwa, na kwamba mtu asiye na la kuficha hamzulii marehemu ulevi. Mengine ayaseme yeye. Ana ufasaha.

Kesho yake mume wangu alikipakia kiti kwenye mkokoteni akakirudisha mwenyewe. Binti alikuwa anatoa nguo zake. Alikuja kuishi kwetu, na siku hizi ana duka lake la dawa, upande wa pili wa mji. Mume wangu alikiingiza kiti sebuleni akakiweka penye mwanya wa ujia, kikitazama ngazi.

"Kaa hapo sasa," akamwambia Msemaji. "Tazama." Akatoka bila kunywa chai.

Msemaji hakualikwa tena kusema, si shuleni, si harusini. Akiingia mahali, mazungumzo yalikatika. Nilifurahi kila nilipolisikia hilo. Wapo walioniambia nimwonee huruma, mzee mpweke, na niliwajibu wakamhurumie wao, mimi sina nafasi.

Mume wangu alipofariki, Msemaji alikuja msibani. Alikuja na ile suti, imemlegea. Watu wakampisha, yeye akaja mpaka nilipokaa, akainama.

"Shemeji, pole sana. Tumetoka mbali. Niruhusu niseme neno dogo kwa niaba ya upande wa dada. Ni haki yangu. Tuonyeshe watu kwamba yamekwisha."

Niliinuka, maana jambo kama lile sikutaka kulisema nimekaa.

"Hayajakwisha," nikamwambia, na sikushusha sauti. "Kaa msibani kama watu wengine, sikufukuzi, sisi tuna adabu. Lakini juu ya kaburi la huyu hutasema. Upande wa dada una msemaji wake."

Binti akasonga mbele. Hakuwa amejiandaa. Akasema yeye ni mtoto wa dada yake marehemu, mkutubi, mwanamke mwenye akili timamu aliyekufa mikono yake ikiwa safi, na kwamba mjomba wake alimrudishia mama. Watu wengi walimtazama yeye, wakalia.

Mimi nilimtazama baba yake. Alikuwa amesimama ukingoni mwa watu, mdomo ukicheza bila sauti, na nilimtazama vile mpaka mchanga wa mwisho ulipotiwa.